Muulize Mwalimu: Kapakiti mnakakimbia, vumbi mnalimeza

Mwezi jana niligusia kidogo vile chupa ya soda inatoka kwa mchanga, nikafikiri yameisha, kumbe nimetikisa mzinga. Maswali yamekuja kutoka Lanet, Kibuye, Ahero mpaka Kakamega na karibu yote yanazunguka kitu kimoja, silika. Basi leo tushughulike nayo, yale ya betri za sola yangoje zamu yao.

Mwalimu habari. Kijana wangu wa gredi ya 8 aliambiwa shuleni atafute maana ya silika. Akafungua kamusi ya Kiswahili akapata ni tabia mtu anazaliwa nayo, akaandika hivyo, akakoseshwa. Sasa ananiuliza mimi na mimi shule niliachana nayo kitambo. – Mzazi, Lanet

Mwambie kijana hajakosea sana, alibisha tu mlango wa jirani. Silika ya kwenye kamusi ilitujia kutoka Kiarabu na ni hulka, ile kitu inafanya kifaranga kianze kudonoa bila kufundishwa. Hii ya kemia imetoka Kilatini, silex, yaani gumegume, jiwe gumu ambalo ukiligonga na chuma linatoa cheche. Ile bunduki ya zamani wazee waliita gumegume ni kwa sababu ya hilo hilo jiwe. Kwa hivyo maneno mawili yamekutana barabarani yakiwa yamevaa shati moja, hayana undugu.

Silika yenyewe ni silikoni moja imeshikana na oksijeni mbili, SiO2, basi. Oksijeni ndiyo nyingi zaidi kwa gamba la dunia na silikoni ni ya pili, karibu asilimia 28 kwa uzito, sasa hizo mbili zikioana si utazipata kila mahali? Mchanga mwingi ni silika. Kwatsi, yale mawe meupe yanang'aa kama sukari guru iliyooshwa, ni silika tupu. Yale mawe makubwa ya Kit Mikayi kule Seme ni graniti, na ukipima graniti utapata silika kama asilimia 70. Hata lile jiwe jeusi la Naivasha linalokata kama wembe, obsidiani, ni glasi ya volkeno na zaidi ya nusu yake ni silika.

Sasa kuna jambo moja ningeomba kijana alishike kuliko hiyo fomula. Silika ni moja lakini ukaaji wake si mmoja. Kuna ile chembe zake zimejipanga mstari kama watoto wa gwaride, hiyo inaitwa ya fuwele, kwatsi iko hapo. Kuna ile imekaa ovyo kama abiria wa matatu saa kumi na mbili jioni, huyu amekalia mguu wa yule, na glasi iko hapo na pia zile punje za kwenye pakiti za viatu. Mchanga peke yake unataka nyuzi kama 1,700 ndio uyeyuke, kwa hivyo wenye viwanda vya glasi wanaongeza magadi, ndugu ya ile tunatia kwa mrenda, na joto linashuka, halafu chokaa kidogo ndio glasi isiyeyuke na maji. Ikipoa inaganda kabla haijapata nafasi ya kujipanga. Ndiyo hiyo dirisha lako.

Na asichanganye na silikoni ya kompyuta, hiyo ni silika imenyang'anywa oksijeni, wala na ile silikoni ya gundi ya kuziba sinki, hiyo ni mjukuu wa mbali. Kiswahili chetu kimezipa hizo mbili jina moja na mimi sina nguvu ya kuzitenganisha leo.

Mwalimu, nauza viatu Kibuye. Kwa boksi huwa kuna kale kapakiti kameandikwa usile. Juzi mjukuu wangu wa miaka 2 alipasua kamoja akajaza mdomo, nikapiga nduru mpaka wateja wakakimbia. Jirani akasema ni sumu ya panya, tukamlazimisha maziwa mpaka akatapika. Ni sumu kweli? – Nyanya wa viatu, Kisumu

Pole sana mama, hiyo nduru naisikia hadi huku Nakuru. Lakini hapana, si sumu ya panya, na panya akila hatakushukuru wala hatakufa.

Hiyo inaitwa jeli ya silika ingawa ni punje kavu. Wanachukua mchanga na soda wanaupika mpaka unakuwa maji mazito, wanatia asidi, inaganda kama uji uliopoa, wanaiosha wanaikausha, na inapokauka inabaki na matundu madogo mno ndani kwa ndani. Ukifungua kuta za hayo matundu yote ukazitandaza chini, gramu moja inakupa kama mita mraba 800. Pakiti ya gramu 5 ni mita 4,000, yaani karibu eka moja. Eka, mama. Ploti za 50 kwa 100 watu wanaburutana kortini nazo, wewe umetupa nane kwa takataka ya soko.

Mvuke wa maji ukipita unanata kwa hizo kuta, na punje inaweza kubeba maji mpaka kama asilimia 40 ya uzito wake na ukiishika bado unaona ni kavu. Profesa mmoja wa Johns Hopkins kule Marekani, Walter Patrick, ndiye alisajili njia ya kuitengeneza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na kazi yake ya mwanzo haikuwa viatu, ilikuwa kunyonya gesi kwenye maski za wanajeshi.

Sasa kwa mdomo wa mtoto inafanya ile ile kazi, inanyonya mate, ulimi unanata, ndio maana alikunja uso. Ikishuka inapita ilivyo na kutoka kwa choo. Wanaandika usile kwa sababu mtoto anaweza kupaliwa na ile pakiti ama na punje, na kwa sababu si chakula. Siku nyingine toa zilizobaki mdomoni, mpe maji anywe polepole, angalia anavyopumua. Maziwa ya kulazimisha hapana, kumtapisha hapana, hapo ndipo angepaliwa. Lakini kuna moja ya kuchunga, ile ya rangi ya buluu ambayo ikishiba maji inageuka waridi. Hiyo rangi ni kloridi ya kobalti na hiyo ndiyo haifai kabisa kumezwa, mtoto akiila beba pakiti na mtoto pamoja muende hospitali.

Na usizitupe. Weka kadhaa kwa mkebe wa vyeti, hati ya shamba, mbegu za sukuma na kunde za msimu ujao, kamera, hata sanduku la spana za kijana wa bodaboda zisipate kutu. Masharti ni mkebe ufunge kabisa, ukiacha wazi hapo Kisumu kapakiti kanajaribu kunywa ziwa lote na kanashindwa kabla ya saa sita. Kakishiba unaweza kukausha, mimina punje kwa sufuria kuukuu ambayo hutapikia tena, moto mdogo, saa moja mbili hivi ukikoroga. Mimi mwenyewe mara ya kwanza niliweka na karatasi yake juu ya jiko la makaa nikaenda kusahihisha vitabu. Karatasi ilishika moto, punje zikatapakaa kwa makaa, na mke wangu bado anauliza ile harufu ilikuwa ya nini. Ile ya buluu usikaushe jikoni.

Mwalimu mimi ni fundi wa taili hapa Nakuru miaka 9 sasa. Nakata na grainda mle mle ndani ya nyumba. Jioni natema mate meupe na kikohozi kimekuwa cha kila siku. Kliniki walipima TB wakasema hakuna. Wenzangu wananiambia ninywe maziwa pakiti moja baada ya kazi yatoe vumbi. Inasaidia? – Fundi, Nakuru

Fundi, hii barua yako ndiyo imenikosesha usingizi, kwa hivyo nivumilie nikienda mbali.

Maziwa kwanza. Nimesikia hii ya maziwa kwa watu wa posho mill, wapaka rangi, wachomeleaji, kila mtu na pakiti yake saa kumi. Maziwa yanashuka koo la chakula mpaka tumboni. Vumbi limepita koo la hewa likaingia mapafuni. Ni kama umwage maji Nakuru ukitaka kuzima moto Molo. Kunywa, ni chakula, lakini hayajawahi kuosha pafu la mtu.

Mwaka juzi nilikuwa natengeneza choo changu. Fundi akachuchumaa kwa korido, akafunga mlango ati vumbi lisiniingilie sebuleni, akawasha grainda. Kama dakika 5 hivi. Alipotoka kope zilikuwa nyeupe, nyusi nyeupe, kama mtu aliyetumbukia kwa gunia la unga. Alikuwa amejifunga leso puani akaifungua anywe maji, na nikaona ule upande wa ndani, ule unagusa midomo, nao ni mweupe sawa na wa nje. Nikamwonyesha. Akacheka akaikung'uta kwa paja akaifunga tena.

Taili ni udongo uliookwa na ndani yake kuna kwatsi, ile silika ya gwaride. Ikitulia sakafuni haina neno na mtu, lala juu yake ukitaka. Shida ni blede ikiisaga. Na ile unaona ikielea kwa mwanga wa dirisha wala si mbaya zaidi, hiyo ni kubwa, pua na makohozi yanaikamata, ndiyo hayo mate meupe yako. Mbaya ni ile huioni, chini ya maikroni 4 hivi, maikroni ni milimita ukiigawa mara elfu, na unywele wa mtu una kama 70. Hiyo inashuka mpaka vile vifuko vya mwisho ambapo hewa inaingilia damu. Huko kuna seli za ulinzi, zinaimeza vile humeza viini, lakini kiini kinakufa na silika haifi. Inaiua ile seli iliyoimeza, inatoka, inamezwa na nyingine, nayo inakufa, na kila mara panabaki kovu. Kovu juu ya kovu mpaka pafu linakakamaa. Ugonjwa unaitwa silikosisi, mara nyingi unajionyesha baada ya miaka 10 na zaidi, vumbi likiwa zito sana unakuja upesi hata kwa miezi, na hakuna dawa ya kuurudisha nyuma.

Hii si hadithi ya kukutisha. Mwaka 1930 huko West Virginia, Marekani, walianza kuchimba handaki la maji mahali panaitwa Hawk's Nest, wakakuta mwamba umejaa silika, wakachimba kavu bila maski, wengi wao vibarua weusi waliotoka mbali kutafuta kazi. Walikufa mamia, wengine hawakumaliza hata mwaka. Mwaka 1997 shirika la utafiti wa saratani la WHO likaliweka vumbi la silika ya fuwele kwenye kundi la kwanza la vitu vinavyoleta saratani. Na Australia, tangu Julai 2024, wamepiga marufuku yale mawe ya kutengenezwa ya kaunta za jikoni, juu vijana waliokuwa wanayakata walikuwa wanakwisha mapafu.

Kwa hivyo usitosheke na kuambiwa hakuna TB. Rudi, na safari hii mwambie daktari kazi yako, miaka mingapi, na kwamba unakata kavu. Asipojua kazi yako atakutibu kikohozi cha baridi mwaka mzima. Omba eksrei ya kifua na kile kipimo cha kupuliza. Na TB uendelee kuichunga hata kama safari hii haikuwepo, kwa sababu pafu lenye silikosisi linaishika kwa urahisi sana na kwa picha hizo mbili zinafanana. Sigara kama unavuta, sitasema mengi.

Kazini dawa ni maji. Kata ya kunyooka tumia ile mashine ya mkono ya kukwaruza na kuvunja, haitoi vumbi la maana, grainda ibaki ya kona na mashimo tu, na hiyo uende nje, upepo ukiwa mgongoni. Kuna mashine za kukatia zenye tangi ya maji, hizo ndizo, usichukue grainda yako ya kawaida ya stima ukaanza kuimwagia maji na chupa, utaepuka pafu ufe na umeme. Maski ni ile ya kuchuja vumbi jembamba, N95, imekaza pande zote, na samahani, ndevu zinapitisha hewa pembeni. Kufagia usifagie kavu, nyunyiza kwanza. Nguo za kazi zibaki kwa saiti ama kwa mfuko, usimkumbatie mtoto nazo. Na kama umeandikwa na kontrakta, sheria ya fidia ya kazini ya 2007 haihesabu mkono uliokatika peke yake, magonjwa ya kazi pia yamo.

Sisi wateja nasi tuna dhambi yetu. Tunataka kazi iishe leo, tunalia kwa mia mbili ya maski na taili yenyewe tumenunua ya Spain.

Mwalimu, kuna unga mweupe wa mawe jamaa wanauza ati unaua wadudu wa mahindi. Sisi tunaishi karibu na Kariandusi, mlima mzima ni mweupe hivyo. Naweza kuchota tu? – Mkulima, Gilgil

Unaishi juu ya hazina, bwana. Huo ni diatomaiti. Zamani hapo palikuwa ziwa, na ndani yake waliishi mimea midogo isiyoonekana kwa macho, diatomu, inayojijengea maganda ya silika. Ikifa inazama, maganda yanarundikana, ziwa likaondoka wakabaki wao. Watu wa kale waliokuwa hapo walichonga mashoka ya mawe, mengine ya obsidiani, Louis Leakey aliyafukua kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 na bado unaweza kwenda kuyaona.

Ndiyo, unaua. Hauna sumu, unakwaruza na kunyonya ile nta inayomfunika mdudu, anakauka. Fukusi wa kawaida anakwisha, huyu dumuzi mnayemwita Osama ni sugu kidogo. Lakini kuchota kwa korongo hapana. Nunua ule umeandikwa kabisa ni wa nafaka, kwa sababu diatomaiti nyingine imechomwa kwa moto mkali kwa ajili ya vichujio na ikichomwa sehemu yake inageuka fuwele, tumerudi kwa fundi. Mahindi yakauke vizuri kwanza, unga haufanyi kazi kwa mahindi mabichi. Na wakati wa kuchanganya jifunge maski.

Mbona majani ya miwa yanakata mtu kama wembe, na makapi ya mchele ng'ombe anakataa? – Ahero

Silika. Mmea unainywa kutoka udongoni ikiwa imeyeyuka kwa maji, unaipeleka kwa ngozi ya majani na maganda, inabaki huko kama vipande vya glasi. Ni silaha ya kuchosha meno ya wanaokula na pia inasimamisha mmea wima. Mtu wa Muhoroni aliyewahi kukata miwa na mikono mitupu ameshaisoma hiyo kemia kwa ngozi. Makapi ya mchele ukiyachoma yanaacha majivu kama moja kwa tano, na hayo majivu karibu yote ni silika, ndio yanasugua sufuria vizuri hivyo kuliko sabuni za kwa tivii.

Dawa ya meno yangu nimesoma imeandikwa silika. Ndiyo inatuharibu meno watu wa Nakuru yanakuwa ya kahawia? – Kiamunyi

La. Hiyo ni silika laini isiyo ya fuwele, iko hapo kusugua, kama nyanya yako alivyotumia makaa. Rangi ya kahawia ni floraidi nyingi kwa maji ya visima vya huku Bonde la Ufa, tena imeingia ukiwa mtoto jino likiwa bado linaumbwa. Na ile E551 kwa pakiti za viungo pia ni silika, inazuia unga usigandane, kula tu.

Saa yangu imeandikwa Quartz, kuna jiwe ndani? – Mzee wa Kondele

Lipo mzee wangu, kaduchu, kamechongwa kama uma wenye meno mawili. Betri inakachokoza na kanatetema mara 32,768 kwa sekunde, saa inahesabu hizo mpaka zifike inasogeza mshale. Seiko ndio waliuza ya kwanza ya mkononi, Krismasi ya 1969. Ikianza kubaki nyuma shida karibu kila mara ni betri.

Simu yangu ilianguka kwa beseni nikaizika kwa mchele siku 3, haikuwaka. – Milimani

Mchele unanyonya kidogo sana na unga wake unaingia kwa tundu la chaji. Apple wenyewe 2024 waliwaambia watu waache. Zima, igonge taratibu tundu likiangalia chini, iache mahali penye hewa. Pakiti za mama wa Kibuye zingesaidia zaidi kidogo kuliko mchele.

Mwalimu, sisi wamama huku Kakamega tunagonga mawe ya dhahabu na nyundo, tunalipwa kwa karai. Nimesikia unajibu watu wa silika, hii yetu ni hiyo? – Mama wa mawe

Ni hiyo mama, tena ndiyo yenyewe. Dhahabu ya huko, ile wazungu waliifuata miaka ya 1930, inakaa kwa mishipa ya kwatsi, kwa hivyo jiwe unalogonga sehemu kubwa ni silika na ile mashine ya kusaga inayozunguka kavu hapo kando ni mbaya kuliko nyundo. Sitakwambia uache, karai ndiyo inapeleka mtoto shule. Loweka jiwe kabla ya kugonga, liwe linatoa tope si moshi, na uwe na mkebe wa maji wa kunyunyiza kila mara. Kaa mahali upepo unapeleka vumbi mbali na nyinyi, mbali na mashine, si kibandani. Leso haitoshi, hata ikiwa mvua, na mkiwa kikundi ulizeni yule mnunuzi wa dhahabu awaletee maski, anajua bei ya gramu kuliko nyinyi.

Na yule mtoto wa mgongoni, mama, mwache na nyanya yake mpaka jioni.